Maana ya "mubashara", na kwa nini filamu haiwezi kuwa mubashara

Jumamosi iliyopita mpwa wangu aliniita sebuleni. "Mjomba, njoo uone, wameonyesha mubashara kila kitu kilivyokuwa!" Kwenye runinga kulikuwa na Saturday Night, filamu ya mwaka 2024 iliyoongozwa na Jason Reitman, inayosimulia dakika tisini hivi za mwisho kabla kipindi cha vichekesho cha Marekani, Saturday Night Live, hakijaenda hewani kwa mara ya kwanza. Nikakaa. Baada ya robo saa maji ya chai yakachemka jikoni, mpwa wangu akabonyeza rimoti, na kijana anayemwigiza mtayarishaji Lorne Michaels akaganda katikati ya korido, mdomo wazi. Alitusubiri hadi vikombe vikajaa.

Kinachoweza kukusubiri umimine chai si mubashara. Wiki hiyohiyo nilikuwa nimelisikia neno hili redioni likitajwa kwa mahojiano yaliyorekodiwa siku mbili nyuma, na nikaliona limeandikwa kwa chaki nje ya kibanda cha video, likinadi filamu ya zamani. Ndiyo sababu naandika.

Maana yake ni fupi. Matangazo mubashara ni yale yanayomfikia mtazamaji au msikilizaji wakati uleule jambo linapotendeka, bila kurekodiwa kwanza na kuhaririwa. Wengine husema "laivu", wengine "moja kwa moja". Hii ya pili ni kauli nzuri ila ina kazi nyingi: barabara huenda moja kwa moja, na mtu akihama asirudi tunasema kaondoka moja kwa moja. Mubashara tumeipa kazi moja, na ndiyo maana naionea wivu.

Neno lenyewe tumelipata kwa Waarabu, na asili yake inapendeza kuliko maana niliyoitoa hapo juu. Shina lake linakutana na neno bashara, yaani ngozi ya nje ya mwili. Kubashiriana, kwa Kiarabu cha asili, ni kugusana ngozi kwa ngozi pasipo nguo wala pazia katikati, na kitenzi hicho hutumika hata kwa mume na mke wanapokutana. Kutoka hapo likapanuka: kufanya jambo kwa mkono wako mwenyewe bila kumtuma mtu, kisha kufikisha jambo bila kitu cha kati. Waarabu wa leo wanalitumia kwa matangazo kama sisi.

Ukoo wake ni mkubwa. Bashar ni mwanadamu, na wataalamu wa lugha hiyo hueleza kwamba ameitwa hivyo kwa sababu ngozi yake iko wazi, haikufunikwa na manyoya. Nabii Adamu huitwa Abul Bashar, baba wa watu. Jina la Bashiri, mleta habari njema, limetoka hukohuko, kwa kuwa habari njema huonekana kwenye ngozi ya uso kabla mtu hajasema neno. Kiswahili kikachukua kubashiri na kukisogeza hadi kwenye kutabiri. Kwa hiyo anayebashiri matokeo ya mechi na anayeitazama mechi mubashara wanatumia maneno ya tumbo moja. Bashasha tu ndiyo isichanganywe humo. Inafanana nayo kwa sauti, lakini shina lake ni jingine.

Nimekaa kwenye ngozi muda mrefu kwa sababu ndipo tofauti ilipo. Kijana wa mtaani anayesema "nilimwona mubashara", akimaanisha alimwona kwa macho yake, hanikeri hata kidogo. Amekaribia asili ya neno kuliko watangazaji wengi. Kinachonikera ni kuliita mubashara jambo ambalo kati yake na sisi kuna mkono wa mtu uliochagua, ukakata, ukaunganisha.

Turudi kwenye usiku wa kwanza wa kipindi chenyewe. Oktoba 11, 1975, saa 5:30 usiku, studio ya 8H katika jengo la 30 Rockefeller Plaza, New York, televisheni ya NBC. Kwetu Afrika Mashariki ilikuwa Jumapili saa 12:30 asubuhi. Michaels, Mkanada, alikuwa bado hajatimiza miaka 31. Mchekeshaji George Carlin ndiye aliyekuwa mwenyeji wa kipindi, na walioalikwa kuimba ni Billy Preston na Janis Ian. Igizo la kwanza lilikuwa la wachekeshaji John Belushi na Michael O'Donoghue, kisha mwenzao Chevy Chase akatokea na vipokea sauti kichwani, akawatangazia watazamaji kwamba haya yanatoka New York, wakati huu.

Kipindi kilikuwa na saa yake ya kuanza na saa ya kuisha, na hakuna aliyeweza kuivuta. Billy Crystal, aliyekuwa mchekeshaji chipukizi, alitarajiwa kutokea usiku ule, akaachwa kwa sababu muda haukutosha. Hata hivyo, si kila kilichoonekana kilitendeka pale: ndani yake mlikuwa na filamu fupi ya Albert Brooks, iliyotengenezwa kabla. Hilo halikuharibu umubashara wa kipindi, kwa sababu filamu ile ilipoisha, kamera ilirudi kwa watu waliokuwa wamesimama wanapumua, na neno lililowatoka halikurudi.

Filamu ya Reitman ni kinyume chake, na sisemi hivyo kuishusha, maana nimeipenda. Saa inatajwa mara kwa mara kwenye skrini, watu wanakimbizana, roho inakuwa juu. Lakini imekusanya mambo ya siku mbalimbali ikayaweka katika usiku mmoja. Mchekeshaji mkongwe Milton Berle anaonekana jengoni usiku ule, ilhali aliongoza kipindi hicho mwaka 1979. Huo ni uhuru wa msanii, na uhuru huo hauna nafasi kwenye matangazo mubashara.

Watu huniuliza kuhusu kuchelewa. Tukitazama mpira, jirani mwenye antena hupiga kelele za goli wakati mimi kwenye simu bado naona mpira uko katikati ya uwanja. Je, yangu si mubashara? Ni mubashara. Picha imechelewa njiani, kama sauti ya radi, na hakuna aliyeigusa. Tofauti inaanza pale ucheleweshaji unapowekwa makusudi. Mchekeshaji Richard Pryor alipoalikwa kuongoza Saturday Night Live mwezi Desemba 1975, wakubwa wa NBC walitaka sekunde chache za kuchelewesha ili neno chafu likitoka lipate kukatwa. Hapo tayari pana kitambaa kati ya ngozi na ngozi, hata kiwe chembamba namna gani.

Na watu wa California, magharibi mwa Marekani? Kwa miaka mingi walionyeshwa mkanda wa kipindi hicho saa tatu baada ya New York, na tangazo la "mubashara kutoka New York" likiwa limo ndani yake. Ni mwaka 2017 tu ndipo kipindi kilipoanza kurushwa kwa wakati mmoja mashariki na magharibi. Kabla ya hapo, tangazo lilikuwa kweli kwa aliyelitamka na si kweli kwa aliyelisikia kule magharibi. Kwa hiyo neno hili haliangalii kilivyotengenezwa peke yake. Linakuangalia na wewe uliyekaa mbele ya runinga.

Hiyo pia ndiyo shida ya vipindi vyetu vingi vya vichekesho. Watu wamejaa ukumbini, wanacheka kwelikweli, wanapiga makofi, kisha kipindi kinaonyeshwa wiki inayofuata. Waliokuwa ukumbini walikiona mubashara. Mimi nyumbani naona kilichorekodiwa mbele ya watazamaji, na hakuna aibu kusema hivyo.

Mpwa wangu alinisikiliza mpaka chai ikapoa. "Sasa mjomba, niseme nini?" Nikamwambia filamu hii inakwenda kwa muda halisi, yaani dakika yake inakaribia kulingana na dakika ya hadithi, na hiyo ni sifa kubwa. Au aseme ni filamu inayosimulia usiku wa matangazo mubashara. Akairudia kwa sauti ya chini, akaridhika. Kisha akarudisha nyuma dakika mbili, kwa kuwa tulikuwa tumesahau nani alikuwa akigombana na nani, tukaendelea.