Kishindo cha amplifaya ya zamani: usikimbilie kuongeza muda wa rilei

Amplifaya ya zamani ikitoka kwa fundi ikiwa inaimba vizuri, lakini kila ukiiwasha inapiga "duf!" kwenye spika, kazi bado haijaisha. Wateja wengi huambiwa, "Hiyo ni mashine ya kizee, iache ipashe moto." Redio za valvu ndizo zilizohitaji kupashwa moto. Mashine ya transista iko tayari ndani ya sekunde chache, na kishindo chake kina chanzo ambacho mita inaweza kukionyesha.

Mimi huanza na saa kabla ya bisibisi. Kishindo kinakuja pale pale unapobonyeza swichi, au kinasubiri mpaka rilei ya kulinda spika, ile swichi inayofungwa kwa umeme, ilie? Kinatoka spika zote mbili au moja tu? Ukishajibu hayo umeshajua ufungue upande gani.

Zipo amplifaya ambazo kishindo zimezaliwa nacho. Nyingi za miaka ya 1960 na mwanzoni mwa 1970 zina umeme wa upande mmoja, tuseme volti 60, na katikati ya transista za mwisho pana nusu yake, volti 30. Volti hizo zisifike kwenye spika, ndiyo maana pamewekwa kapasita kubwa (kifaa cha kutunza chaji ya umeme) njiani, mara nyingi ya maikrofaradi 1000 au 2200. Ukiwasha, kapasita hiyo lazima ijae, na njia yake ya kujaa ni kupitia spika yenyewe. Koni inasukumwa mara moja, inarudi. Kama spika zote mbili zinafanya hivyo kwa kiasi kilekile, usihangaike sana.

Kishindo kikiwa kikubwa kuliko zamani, tafuta kapasita ndogo iliyo karibu na transista ya kwanza, ile inayofanya volti za katikati zipande taratibu badala ya kuruka. Baada ya miaka hamsini mara nyingi imekauka. Na tafadhali, usibadilishe ile kubwa ya 2200 ukaweka 4700 eti upate besi. Kwa spika ya omu 8, 2200 inapitisha sauti hadi kama hezi 9, chini kuliko spika nyingi zinavyoweza kushuka. Utakachoongeza ni chaji inayopita kwenye spika wakati wa kuwasha, zaidi ya mara mbili.

Kazi yenyewe iko kwenye mashine zenye umeme wa pande mbili, chanya na hasi, ambazo spika inaungwa moja kwa moja bila kapasita. Hizi ndizo zina rilei. Inasubiri sekunde tatu hadi tano ili volti zitulie, ndipo inaunga spika. Kwa hiyo kishindo kikija pamoja na ule mlio wa rilei, maana yake rilei imefunga wakati bado kuna DC, umeme wa mwelekeo mmoja, kwenye njia ya kutokea.

Fundi mvivu hapa ana dawa yake: anaongeza kapasita ya kuchelewesha, rilei inakawia, kishindo hakisikiki tena, mteja analipa. Mzee mmoja mstaafu wa Area C hapa Dodoma aliniletea amplifaya ya Kijapani iliyotibiwa hivyo.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, fundi. Hii imeshatengenezwa, usiniambie imekufa. Ila umeme ukikatika na kurudi, inataka kunipasulia spika."

Sentensi ile ilinisaidia kuliko mchoro wa saketi. Nilipoiwasha ikiwa baridi, kimya kabisa. Rilei ilikawia kupita kiasi, ikaunga, muziki. Nikazima kwenye ekstensheni na kuwasha tena papo hapo, kama umeme wetu unavyofanya jioni za upepo. Duf! Upande wa kushoto peke yake. Kwenye saketi ya rilei, mahali pa kapasita ya maikrofaradi 100 palikuwa na 470. Kapasita kubwa haimwagi chaji yake upesi, na saketi ile ya transista mbili inaamini bado muda wa kusubiri umeshapita. Umeme ukirudi, rilei inaunga hapo hapo bila kungoja. Dawa ya kishindo ikawa imeondoa ulinzi wenyewe.

Nikarudisha 100, rilei ikawa inaunga baada ya kama sekunde nne, na kishindo kikajitokeza wazi kila ninapowasha. Ndivyo nilivyotaka. Ubovu uliofichwa haupimiki.

Kwa kupima, chomoa spika zote, weka mita kwenye DC, na ushike upande wa rilei unaotoka kwenye amplifaya, siyo ule unaokwenda kwenye spika. Hapa mita ya mshale inaishinda ya namba. Ya namba inasoma polepole, tarakimu zinarukaruka usielewe kitu. Mshale unauona unavyoruka na unavyorudi. Kulia mshale ulitikisika kidogo ukatulia. Kushoto uliruka ukapita volti moja, ukawa unarudi kwa kujivuta, na sekunde ya nne ilipofika ulikuwa haujatulia.

Nyuma ya mashine nyingi za aina hii kuna vichuma vyenye umbo la U vinavyounganisha priamplifaya (sehemu ya mwanzo inayoandaa sauti) na sehemu ya nguvu inayosukuma spika. Zima kwanza, visikudanganye kwa udogo wao. Ukivichomoa mashine ikiwa inawaka utapata kishindo ambacho hujawahi kusikia. Nilivitoa, nikatumia waya kuvusha kushoto kwenda kulia na kulia kwenda kushoto. Mruko ukahamia kulia. Kwa hiyo transista kubwa, ambazo zilikuwa zimeshabadilishwa bure, hazikuwa na hatia.

Mwisho wa priamplifaya ya kushoto palikuwa na kapasita ya maikrofaradi 10 mahali pa 1. Volti za priamplifaya hupanda polepole baada ya kuwasha, na kapasita ya 1 hupitisha kidogo sana cha mwendo huo wa taratibu. Ya 10 hupitisha kama mara kumi, kisha sehemu ya nguvu inakikuza. Niliweka ya plastiki ya maikrofaradi 1 pande zote mbili. Hazikauki, na ni nyembamba kiasi cha kutosha kwenye bodi. Dukani Majengo zikikosekana huwa naagiza Kariakoo, zinapanda basi jioni.

Kama kishindo kingebaki baada ya kuchomoa vichuma, ningeangalia zile transista mbili za kwanza za sehemu ya nguvu. Ni mapacha. Fundi akibadilisha moja akaacha ya zamani, DC haikai karibu na sifuri. Nunua kadhaa, pima ukuzaji wake kwa mita, chagua mbili zinazokaribiana, uzifunge zikigusana ili zipate joto moja. DC ikiwa chini ya milivolti 50 baada ya kutulia, naridhika. Ikipita 100 siifungi mashine.

Angalizo kuhusu globu ya kupimia. Mafundi tuliofundwa vizuri huwasha mashine iliyotoka kutengenezwa kupitia globu ya waya ya wati 60 au 100, na zinazidi kuwa adimu madukani kwa sababu ya LED, ambazo hazifanyi kazi hiyo. Endelea kuitumia, lakini usihukumu kishindo nayo: inafanya umeme wa ndani upande polepole, na kishindo kinabadilika au kinapotea. Ukishaona globu haiwaki kwa nguvu, itoe ndipo usikilize, kwa spika yako ya majaribio, siyo ya mteja.

Kama unachosikia si "duf" bali "tak" kali, tena hata unapozima, hiyo ni cheche ya swichi. Kwenye miguu ya swichi hukaa kapasita ndogo ya kuzima cheche, na mafundi wengi wakiikuta imepasuka huikata wakaiacha hivyo. Rudisha nyingine ya thamani ileile, iliyoandikwa X2 na volti 275 AC. Kapasita ya kawaida usiiweke hapo hata kama imeandikwa volti 400, kwa kuwa inakaa kwenye umeme wa ukutani na ikifa kwa kuunga, yaani ikabaki inapitisha umeme moja kwa moja, mashine haitazimika tena kwa swichi.