Kwa Nini Hall na Oates Hawachuji

Waweke mashabiki watatu wa Daryl Hall na John Oates, wale wanamuziki wawili wa Marekani, kwenye chumba kimoja, na kabla wimbo wa kwanza haujaisha mmoja wao atakuwa ameshauliza: hivi Oates, yule mwenye masharubu, alikuwa na kazi gani hasa? Hapo ndipo ubishi unapowaka. Wa kwanza atakwambia siri yote ni koo la Hall, na kwamba Oates alikuwa abiria. Wa pili atasema hakuna siri yoyote, ni watu wa miaka ya 80 wanaoulilia ujana wao. Wa tatu, ambaye kwa kawaida ana santuri nyingi kuliko wenzake, atautaja mji wa Philadelphia na soul, ule muziki wa Wamarekani Weusi, kisha atakunja mikono akisubiri nani atathubutu kumpinga.

Mimi ni mpangaji wa muziki. Kazi yangu ni kuuchukua wimbo na kuamua nani apige nini na wapi, na mara nyingi zaidi, nani anyamaze. Nyimbo za hawa wawili nimezifumua chombo kimoja baada ya kingine ili bendi ziweze kuzipiga jukwaani, kwa hiyo ubishi huu naujua kwa mikono. Upande wangu ni huu: nyimbo zao hazichuji kwa sababu ya vitu walivyoviacha nje.

Chukua "I Can't Go for That" ya mwaka 1981. Hall amesimulia jinsi ilivyozaliwa: walikuwa studio ya Electric Lady, New York, kazi ya siku imekwisha. Akawasha mashine ya ngoma ya Roland, ile CompuRhythm ambayo midundo yake ilikuja imeshapangwa kiwandani, akachagua mmoja wa roki, akakaa kwenye kinanda cha Korg kilichokuwepo pale na kuanza kutembeza besi. Injinia wao Neil Kernon akawahi kurekodi. Oates akaambiwa achomeke gitaa, na maneno yakafuata baadaye kwa msaada wa Sara Allen, mpenzi wa Hall wa miaka mingi. Wengi huusikia kama wimbo wa mapenzi. Wenyewe wameeleza kwamba waliokuwa wakiambiwa "hilo sifanyi" ni wakubwa wa biashara ya muziki.

Sasa weka spika nzuri za masikioni usikilize ubeti wa kwanza. Mashine inagonga kwa sauti kavu. Besi inapiga noti chache kisha inaacha pengo. Gitaa la Oates linaingia humo ndani ya pengo, nyuzi zikiwa zimezibwa kwa kiganja, na linaondoka kabla besi haijarudi. Kinanda kinakaa juu na hakishuki kuwasumbua wenzake. Juu ya hayo yote kuna sauti moja. Saksafoni ya Charlie DeChant inangojeshwa hadi mahali ambapo sikio limeshaanza kutafuta kitu kipya. Mpangaji mchanga ukimpa wimbo huu leo ataujaza: ataongeza fidla, ataweka ngoma za kishindo kwenye kiitikio, atasema wimbo "unahitaji nguvu." Hauhitaji. Nguvu yake iko kwenye yale mapengo, maana mwili wa msikilizaji ndio unaoyajaza.

Matokeo yake ni kwamba wimbo wa vijana wawili weupe, uliojengwa juu ya mdundo wa kiwandani, ulishika namba moja kwenye chati kuu ya Marekani na pia kwenye chati ya muziki wa Wamarekani Weusi. Michael Jackson mwenyewe, kwa simulizi ya Hall, alimwendea wakati wa kurekodi wimbo wa hisani wa "We Are the World" mwaka 1985 na kumkiri kwamba mdundo wa "Billie Jean" aliuchota humo. Mwaka 1989 kundi la rap la De La Soul wakaukata kipande na kukijengea "Say No Go". Mwaka 2003 bendi ya Simply Red wakafanya vivyo hivyo kwenye "Sunrise". Kipande cha wimbo hukatwa kirahisi kikiwa na hewa ndani yake. Rekodi iliyoshonwa vyombo tangu mwanzo hadi mwisho haina pa kupitisha mkasi.

Wale wa chati huwa hawaachi kunikumbusha hesabu: namba moja sita, kuanzia "Rich Girl" mwaka 1977 hadi "Out of Touch" mwaka 1984. Kuna hata kichekesho kizuri ndani ya hesabu hiyo. "Physical" ya Olivia Newton-John ilikaa kileleni wiki 10 mfululizo, kuanzia Novemba 1981 hadi Januari 1982. Aliyeng'olewa ili ipande alikuwa Hall na Oates, na "Private Eyes". Aliyekuja kuing'oa alikuwa Hall na Oates tena, na "I Can't Go for That". Nakubali, inafurahisha. Lakini chati inaeleza nani aliuza wiki ile, haielezi nani atasikilizwa miaka 40 baadaye.

Ushahidi ni "You Make My Dreams". Haukuwahi kufika namba moja, uliishia namba 5 mwaka 1981, na leo ndio wimbo wao unaochezwa kuliko yote kwenye huduma za muziki za intaneti. Wale wa ujana uliopotea wana jibu tayari: ni filamu, ile ya mwaka 2009 ya (500) Days of Summer, ambamo kijana anatoka asubuhi amejawa na mapenzi na mji mzima unacheza naye. Haya, filamu ilisaidia. Ila jiulize kwa nini mwongozaji, akiwa na nyimbo zote za dunia, aliuchagua huu. Kinanda cha umeme kinaanza kwa kukatakata, kifupikifupi, na ndani ya sekunde mbili bega limeshaanza kutikisika bila ruhusa. Waliokuwa wakicheza wimbo huu harusini baada ya filamu ile wengi hawakuwa wamezaliwa ulipotoka. Huwezi kuulilia ujana ambao hukuwa nao.

Na "Private Eyes" je? Sikiliza kiitikio. Baada ya maneno ya jina la wimbo kuna kofi moja. Baada ya mstari unaofuata kuna makofi mawili. Hakuna zaidi. Wameacha nafasi mbili tupu, wakaweka humo kitu ambacho hata asiyejua kuimba anaweza kukifanya. Nimeona ukumbi mzima wa watu wasiojua ubeti hata mmoja wakigonga makofi yale bila kukosea.

Turudi kwa mwenye masharubu, maana nadhani hapa ndipo mashabiki wanapomdhulumu mtu. Hall na Oates walikutana Philadelphia mwaka 1967, ukumbi wa Adelphi, kila mmoja akiwa na kundi lake la kuimba. Vurugu zikazuka, wakajikuta wamekimbilia lifti moja. Hall alikuwa ametoka kwenye soul na kwaya za kanisani. Oates alikuja na gitaa la nyimbo za folk, zile za mtu mmoja na hadithi yake. Mseto huo ndio ulioleta "She's Gone".

Mwanzo wa wimbo huo ni wa Oates. Mwanamke aliyekuwa amepanga kukutana naye usiku wa kuamkia mwaka mpya hakutokea, naye akabaki na gitaa lake na kiitikio kichwani. Alipomwimbia Hall, ambaye ndoa yake ilikuwa inavunjika wakati huohuo, Hall akaupa kinanda na beti. Wakaurekodi kwa mtayarishaji Arif Mardin kwenye albamu ya Abandoned Luncheonette ya mwaka 1973. Sikiliza beti zinavyoimbwa: wote wawili kwa pamoja, melodi ileile, Oates chini na Hall juu yake. Sikio linasikia mtu mmoja mwenye kina kisicho cha kawaida. Mtoe Oates, Hall anabaki akielea juu bila sakafu. Kisha, karibu na mwisho, ufunguo, yaani kimo cha wimbo mzima, unapanda, unapanda tena, na tena, mpaka Hall anakuwa hana pa kukimbilia isipokuwa kupiga kelele. Ile kelele anayosifiwa ameipata kwa sababu kuna mtu alishika chini muda wote.

Cha ajabu, ulipotoka mara ya kwanza uliishia namba 60. Tavares, ndugu waliokuwa wakiimba soul, wakauchukua mwaka 1974 na kuufikisha namba moja kwenye chati ya soul. Rekodi ya wenyewe ilitolewa upya mwaka 1976 na ndipo ikaingia kumi bora. Wimbo ni uleule, hata noti moja haikubadilishwa.

"Maneater" vilevile. Oates alikuja nao ukiwa wa rege. Hall akasema rege haiwakai, akauvalisha mapigo ya zamani ya Motown, ile lebo ya soul, na mwaka 1982 ukakaa namba moja wiki nne. Watu wakiisikia hadithi hiyo husema: unaona, Hall ndiye aliyeuokoa. Mimi nasikia kingine. Wimbo ulioanza kwa rege huwa umeshajifunza kusubiri. Besi ya "Maneater" ina subira ambayo nyimbo za Motown zenyewe mara nyingi hazikuwa nayo, na saksafoni inapoingia na ule mwangwi wake mrefu, kila noti inapata muda wa kufa kabla nyingine haijazaliwa.

Kuhusu koo la Hall sina ubishi, na anayebisha akasikilize rekodi ya ukumbi wa Apollo ya mwaka 1985, ambapo Hall na Oates wanasimama jukwaani Harlem pamoja na David Ruffin na Eddie Kendricks, waliokuwa waimbaji wa kundi la soul la Temptations, watu ambao Hall alikua akiwaiga. Hapo mtu huwezi kujificha nyuma ya video wala nywele. Lakini koo peke yake halielezi kitu. "Everytime You Go Away" Hall aliiimba kwa roho yote kwenye albamu yao ya Voices, taratibu, na ogani, ikabaki humohumo. Mwimbaji Mwingereza Paul Young akaipiga upya, na mwaka 1985 ikawa namba moja Marekani kwa koo lisilo la Hall.

Voices, ya mwaka 1980, ndiyo ninayowaonyesha wanaotaka kujua mambo yaligeuka wapi. Kabla yake walikuwa wamezunguka kwa watayarishaji wakubwa: Todd Rundgren kwenye albamu ya War Babies, yenye mashabiki wachache na wakali sana, kisha David Foster kwenye albamu mbili za mwisho wa miaka ya 70. Wote ni mafundi, wote walipenda kuongeza. Kwenye Voices wakaamua kujitayarisha wenyewe na bendi yao ya safarini. "Kiss on My List" iliyomo humo ilianza kama rekodi ya majaribio, ya kumwonyesha Janna Allen, mdogo wake Sara, wimbo walioutunga pamoja ungesikikaje. Walipoona hawawezi kuipata tena hali ile, wakaijengea juu yake badala ya kuanza upya. Ikawa namba moja. Ukiisikiliza kwa makini bado ina uzembe wa mtu asiyejua kwamba dunia itamsikia, na ndio utamu wake.

Basi ikaja albamu ya Big Bam Boom, mwaka 1984. Ilikuwa miaka ya ngoma zinazolipuka kama milango ya chuma. Walimleta Arthur Baker, aliyekuwa ametengeneza wimbo wa hip-hop wa "Planet Rock" miaka miwili nyuma, ili awape mapigo ya mtaa wa New York wa wakati ule. Waimbaji ni walewale, watunzi ni walewale, na nyimbo kadhaa ni nzuri kweli. Lakini kila upenyo umejazwa: ngoma juu ya ngoma, mwangwi juu ya mwangwi, sauti zilizokatwakatwa na kurudishwa. Kati ya albamu zao kubwa za muongo ule, hii ndiyo unayoweza kuitaja mwaka wake ukiwa chumba cha pili, mlango umefungwa.

Mashabiki wake hunijia juu nikisema hivyo. "Out of Touch" si ilishika namba moja? Ilishika, na kiitikio chake ndicho bora kuliko vyote katika kazi zao kwa maoni yangu. Ila bendi ikiniomba niupange, ninachofanya kwanza ni kuondoa nusu ya zile ngoma, na hakuna mwimbaji aliyewahi kuniuliza zimekwenda wapi.