Mtalawanda ndani ya mtutu: kwa nini risasi za sabo hutawanyika

Mzee mmoja, mwindaji wa siku nyingi, aliniletea karakanani hapa Dar boksi la risasi alilorithi kwa kaka yake: Remington Accelerator, za bunduki ya kuwindia ya saizi ya .30-06. "Fundi, hizi zina mbio ajabu," akaniambia. "Mbona hazipigi ninapolenga?"

Mbio ni kweli. Zilitoka mwaka 1977: kichwa cha risasi, ile sehemu inayoruka, cha milimita 5.7, uzito gramu 3.6 hivi, kimevalishwa kikombe cha plastiki kinachojaza mtutu wa milimita 7.8. Kinatoka kwa mita 1,240 hivi kwa sekunde. Kikombe hicho ndicho sabo, neno la Kifaransa la kiatu cha mbao. Sisi watu wa pwani tunakijua kiatu hicho: mtalawanda. Risasi inauvaa ndani ya mtutu, ikifika nje inauvua.

Basi kasoro yote iko kwenye kiatu. Risasi ya kawaida inashikwa yenyewe na mifereji ya mtutu, ile iliyojipinda ndani ili kuizungusha. Ya sabo inashikwa kupitia plastiki, na plastiki hubonyea. Ikibonyea zaidi upande mmoja, kichwa hakikai katikati. Mtutu wa .30-06 kwa kawaida huzungusha risasi mara moja kila sentimita 25.4, kwa hiyo kwa mbio zile kichwa kinazunguka karibu mara 4,900 kwa sekunde. Kikiwa kimehama katikati kwa sehemu moja tu ya mia ya milimita, kikitoka kinarushwa pembeni, na kwenye mita 100 kimekwenda kando sentimita 2.5. Unywele wa mtu ni mnene mara kadhaa kuliko hapo! Na kwa kuwa kila risasi huhama kwa namna yake, hakuna darubini utakayoirekebisha ikakusaidia.

Tulikwenda kujaribu. Risasi zake za kila siku za gramu 11.7, tatu kwa mita 100, ungezifunika kwa kizibo cha soda. Za sabo zilienea upana wa kisahani cha chai. Nikaokota sabo mbele yetu, vidole vyake vimechanua. Upande mmoja alama za mifereji zimezama, ukucha unakwama. Upande wa pili zimepita juu juu. Nilimpa mzee ashike. Alikigeuza geuza kile kiplastiki bila kusema neno.

Sisemi sabo haifai. Kwenye shotigani yenye mtutu wa mifereji, risasi moja nzito ya sabo hulenga vizuri kuliko zile za zamani. Vifaru navyo hurusha mishale yenye mapezi kwa sabo, ila ile hunyooshwa na mapezi, haitegemei kuzunguka.

Lakini kwa mnyama, kisahani ni kikubwa mno. Swala aliyepigwa tumboni hukimbia na maumivu saa nyingi, na mimi siwezi kumpa mtu bunduki nikijua hilo. Nimemwomba mzee aniachie yake mpaka Ijumaa: niusugue mtutu hadi plastiki yote itoke, kisha tuipange darubini upya kwa zile za gramu 11.7.