Mlimani au Stella Maris? Hesabu tuliyopiga na mzee wa Tandahimba

Dirisha la kuthibitisha udahili wa vyuo vikuu likifunguliwa, simu yangu hailali. Aliyechaguliwa vyuo zaidi ya kimoja lazima athibitishe kimoja kwa namba ya siri anayotumiwa kwenye simu, na hapo ndipo familia huanza kuvutana.

Mzee mmoja wa Tandahimba alinijia na bintiye aliyemaliza kidato cha sita, mchepuo wa HGK (Historia, Jiografia na Kiswahili). Binti kapata Shahada ya Sanaa na Elimu kotekote: Mlimani, yaani Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, na Stella Maris hapa Mtwara, chuo kishiriki cha SAUT (Chuo Kikuu cha Mtakatifu Agustino). Mzee kashika daftari lake la mauzo ya korosho, ukurasa kaupiga mstari katikati. Kila upande kaandika kitu kimoja tu: ada. Mlimani nafuu, basi kwake maneno yamekwisha.

"Mzee wangu, ada siyo inayowatesa watoto," nikamwambia. "Ni chumba."

Tukafungua ukurasa mpya. Fedha ya chakula na malazi ya Bodi ya Mikopo ni 10,000 kwa siku, kwa hiyo boomu, yaani mgao mmoja wa fedha hiyo, la siku 60 ni 600,000, tena kwa aliyepewa yote. Binti akikosa hosteli, chumba alichotafutiwa na binamu yake Dar ni 80,000 kwa mwezi, na mwenye nyumba anataka ya miezi sita kwa mkupuo. Hiyo 480,000 imeondoka. Zinabaki 120,000, yaani 2,000 kwa siku: ale, apande daladala, atoe kopi. Mzee akavua baraghashia. Hapa mjini binti atakaa kwa shangazi yake Chikongola, labda achangie mchele.

Lakini upande huo nao una mwiba. Ada ya chuo binafsi ikizidi kiasi kinacholipiwa na Bodi, tofauti ni ya mzazi kila mwaka, na bei ya korosho mnadani haijui tarehe ya kulipa ada.

Ajira haikutuchukua muda. Ualimu wa serikali unaombwa kupitia Sekretarieti ya Ajira, na kuna usaili wa kuandika. Jina la chuo halimfanyii mtu mtihani. Kinachobeba ni masomo ya kufundishia, na wa sanaa foleni yao ni ndefu kuliko ya wa fizikia na hisabati, popote waliposoma. Angekuwa anataka jiolojia, ningemwambia apande basi la Dar kesho yake, hizo kilomita 550 na ushee.

Binti, kimya muda wote, akasema: "Mwalimu, mimi naitaka ile maktaba ya Mlimani."

Sikumcheka. Maktaba ile iliyofunguliwa 2018 inachukua wasomaji 2,100 kwa wakati mmoja. Kwa mtu wa kusoma, hiyo ni hoja nzito kuliko mimi nilivyoipa uzito kwenye daftari. Nikamwambia apige simu chuoni kwanza aulize habari ya hosteli. Ikipatikana, athibitishe Mlimani. Ikikosekana, Chikongola.

Akatoka nje kupiga. Mzee akabaki anaitazama ile 2,000.