Maji ya Moto ya Bogoria ni ya Nani? Faili Tatu Zisizosomana

Swali ninaloulizwa mara nyingi kuhusu chemchemi za Loburu, zile zinazochemka ukingo wa magharibi wa Ziwa Bogoria, kaunti ya Baringo, ni fupi: ni mali ya nani? Anayeuliza hutarajia nimtajie hati. Kazi yangu ni kufuatilia kumbukumbu za ardhi, na jibu langu humkera: pale pana ardhi, pana maji, na pana mvuke, na kila kimoja kina sheria yake, ofisi yake na historia yake. Watalii wanaochemshia mayai hapo wamesimama juu ya faili tatu zisizosomana.

Nianze na ardhi, yenye karatasi nyingi na machungu mengi.

Kabla sijaingia kwenye nyaraka huwa naandika kalenda ya malisho. Waendorois, jamii ya wafugaji wa eneo la ziwa hili, walishusha mifugo ziwani wakati wa mvua, wakafuata malisho na chumvi ya kulamba, kisha kiangazi wakaipandisha msitu wa Mochongoi. Matambiko yalifanywa kando ya ziwa, kwa kuwa roho za wahenga wao, kwa imani yao, zimo humo. Basi nauliza: nani alishuka mwezi gani? Alipita njia ipi? Alinywesha wapi, maana maji ya Bogoria yenyewe ni ya magadi? Ruhusa ilitoka kwa wazee wa ukoo gani? Haki ya kimila ya wafugaji imekaa kwenye msimu na kwenye njia. Ukitanguliza ramani utatafuta mpaka ambao wenyewe hawakuwahi kuuchora, na usipouona utadhani hawakuwa na haki.

Baada ya hapo ndipo naingia kwenye Makavazi ya Kitaifa Nairobi, ghala la nyaraka za serikali, na huko kizingiti cha kwanza ni majina. Ukitafuta "Bogoria" katika kumbukumbu za kikoloni utapata machache, kwa sababu ziwa liliandikwa Hannington, kwa heshima ya Askofu James Hannington aliyepita huko mwaka 1885, muda mfupi kabla ya kuuawa Busoga, Uganda. Majirani nao waliandikwa kwa majina mengine: Watugen waliitwa Kamasia. Wailchamus waliitwa Njemps. Waendorois mara nyingi walimezwa ndani ya Kamasia, na uandishi huo wa kivivu ulikuja kuwa na madhara: miaka mingi baadaye Serikali ya Kenya ilidai kwamba Waendorois si jamii inayojitegemea. Kitu kingine ambacho watafiti wapya hukisahau ni kwamba hadi mwaka 1902 eneo hili halikuwa chini ya Nairobi wala Mombasa. Lilikuwa Jimbo la Mashariki la Himaya ya Uganda. Kwa barua za miaka ile ya ngome ya Ravine (Eldama Ravine ya leo), utafutaji unaanzia Uganda.

Mlolongo wa sheria ni mkavu, lakini bila huo huwezi kusoma faili yoyote. Sheria ya Ardhi ya Taji ya 1915 iliweka hata ardhi iliyokaliwa na Waafrika ndani ya ardhi ya Taji, yaani ya ufalme wa Uingereza. Mwanzoni mwa miaka ya 1920, katika kesi ya Isaka Wainaina, Jaji Mkuu Barth alitamka kwamba Mwafrika katika ardhi hiyo ni mpangaji anayekaa kwa hiari ya Taji. Ikaja Tume ya Carter, ya kuchunguza madai ya ardhi, iliyoanza kazi mwaka 1932 na kutoa ripoti mwaka 1934. Mimi huipenda ripoti yenyewe kidogo sana, ila majuzuu yake ya ushahidi ni hazina, kwa sababu humo wazee na maofisa wanataja malisho na vyanzo vya maji kwa majina. Mwaka 1938 maeneo ya wenyeji yakawekwa chini ya udhamini, na uhuru ulipofika yakageuka ardhi ya amana mikononi mwa mabaraza ya kaunti.

Neno amana hapo lilikuwa na uzito wa kisheria. Kifungu cha 115 cha katiba ya zamani kilisema baraza linaishika ardhi kwa faida ya wakazi wake wa kawaida, na litekeleze haki za kabila, kikundi, familia au mtu kwa mujibu wa mila zao. Baraza liliweza kuitenga ardhi kwa matumizi mengine, lakini kwa utaratibu, na kwa fidia kamili iliyolipwa bila kuchelewa.

Sasa fungua Gazeti Rasmi. Tangazo namba 239 la tarehe 9 Novemba 1973 likaunda Hifadhi ya Wanyama ya Ziwa Hannington. Tangazo namba 270 la tarehe 12 Oktoba 1974 likalifuta lile la kwanza na kuipa hifadhi jina la Bogoria. Mistari michache tu, na mamia ya familia zikatoka. Kwa maelezo ya Waendorois, wazee waliahidiwa ardhi yenye rutuba kwa familia 400, sehemu ya mapato ya utalii, ajira, majosho ya mifugo na mabwawa ya maji baridi. Zingatia hayo mabwawa: hata aliyekuwa akiwaondoa alifahamu kwamba anawatenga na maji pia. Mwaka 1986 familia 170 zililipwa takriban shilingi 3,150 kila moja. Nakuachia mwenyewe uamue kama hiyo ni fidia kamili, na kama takriban miaka 13 ni "bila kuchelewa".

Mahakama Kuu ya Nakuru ilitupilia mbali kesi yao mwaka 2002. Ilisema, kwa ufupi, kwamba ardhi ilishatengwa, na kwamba sheria haimpi mtu faida ya rasilimali kwa sababu tu alizaliwa karibu nayo. Waendorois wakaenda Tume ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu, shauri namba 276/2003, na Novemba 2009 Tume ikaona Kenya imevunja haki zao za dini, mali, utamaduni, rasilimali na maendeleo. Ikapendekeza warudishiwe ardhi ya mababu, waingie ziwani bila kizuizi kwa ibada na malisho, walipwe fidia, na wapate mrabaha, yaani mgawo wa mapato ya rasilimali. Nikisoma uamuzi ule kama mtu wa nyaraka, nafurahia kwamba kalenda ya malisho ilikubaliwa kuwa ushahidi wa umiliki. Utekelezaji wake umekuwa wa kusuasua, na hilo nalisema kwa upole.

Faili ya maji inakaa kwingine kabisa. Sheria ya Maji ya 1929 iliweka maji mikononi mwa Taji. Ile ya 1952, Sura ya 372, ikaendeleza mfumo wa vibali, na ya 2016 inasema kila rasilimali ya maji imo mikononi mwa serikali ya kitaifa kwa niaba ya wananchi. Katika mfumo huu, achotaye maji ya nyumbani bila mtambo hahitaji kibali. Inasikika kama huruma. Matokeo yake kwenye kabati la nyaraka ni kwamba aliyechimba mfereji ana faili, na aliyechota kwa kibuyu hana. Miaka 50 baadaye hakimu akiuliza "nani alikuwa akitumia maji haya?" karatasi zitamjibu kwa jina la mwenye mfereji peke yake.

Kwa Bogoria mwenye mfereji alikuwa juu. Mto Waseges, unaoitwa Sandai ukifika chini, unaanzia nyanda za Subukia, na huko walowezi wa Kizungu walikuwa na mashamba kwa mikataba mirefu. Kila lita inayochotwa huko haifiki ziwani. Hata maji ya moto, kwa sehemu kubwa, ni mvua iliyonyesha kwenye mabega ya Bonde la Ufa, ikazama, ikapata joto, ikarudi juu. Ndiyo maana nikitafuta haki za maji za Loburu sianzii Loburu. Jina la chemchemi halimo kwenye rejista za vibali. Jina la mto limo.

Mambo yalizidi kuchanganyika ziwa lilipofura. Katika muongo uliopita maji yalipanda hadi yakafunika barabara, lango na baadhi ya chemchemi zenyewe. Katiba ya 2010 inahesabu maziwa kuwa ardhi ya umma, Ibara ya 62, huku Ibara ya 63 ikitambua ardhi ya mababu na ya amana kuwa ardhi ya jamii. Je, shamba lililofunikwa na ziwa linahamia ibara nyingine siku maji yanapolifikia? Nimewasikia mawakili wakibishana hilo hadi chai ikapoa.

Faili ya tatu, ya mvuke, ni changa. Mtambo wa kwanza wa Olkaria, karibu na Naivasha, ulianza kuzalisha umeme mwaka 1981, na mwaka uliofuata Bunge likapitisha sheria iliyofanya jotoardhi yote, yaani joto na mvuke wa chini ya ardhi, kuwa ya serikali. Sheria ya Nishati ya 2019 imeendeleza hivyo, ikagawa mrabaha: asilimia 75 serikali ya kitaifa, 20 kaunti, 5 jamii ya mahali. Visima vimeshachimbwa Paka, kaskazini mwa Ziwa Baringo, kwa hiyo swali hili si la kubuni. Asilimia 5 hiyo inahitaji jamii inayotambulika, na Sheria ya Ardhi ya Jamii ya 2016 huitambua jamii kwa rejista ya wanachama na kipande cha ardhi kilichosajiliwa. Ukingo wa Bogoria bado unasomeka hifadhi kwenye karatasi, kwa hiyo mgawo wa mvuke wa kesho unategemea tangazo la 1974.

Wanakijiji wakiniita kuwasaidia, nawaomba waniletee nakala ya Tangazo namba 270 pamoja na maelezo ya mipaka yake, kisha wapeleke barua Mamlaka ya Rasilimali za Maji kuomba orodha ya vibali vya Waseges, cha kwanza hadi cha mwisho. Wakati barua hiyo inasubiri majibu, tunakaa na wazee na kuandika kalenda.