Polisi wanajuaje kuwa muuaji ni mmoja?

Kitongoji kikipata mauaji mawili ndani ya mwezi mmoja, jibu la mtaani huwa tayari kabla maiti ya pili haijafika mochwari: kuna mtu anazunguka usiku anaua watu. Polisi wakiulizwa, husema uchunguzi unaendelea, na wananchi huona wanafichwa jambo. Mara nyingi hawafichwi kitu. Wapelelezi wenyewe hawajajua, na katika kesi za aina hii kujua hilo ni kazi ngumu kuliko hata kumtia mtu pingu.

Ugumu unaanzia kwenye utaratibu wa kawaida. Mauaji mengi hufanywa na mtu anayefahamiana na marehemu, hivyo mpelelezi huanza na mume, mke, mpenzi, mdeni, ndugu wenye ugomvi wa mirathi. Ni busara, na aghalabu inafanikiwa. Lakini anayeua watu asiowafahamu hana uhusiano wowote wa kufuatilia. Kila kifo hufunguliwa jalada lake na kupewa mpelelezi wake, naye huhangaika kutafuta sababu ndani ya maisha ya marehemu, mahali ambapo haipo. Mpaka wa wilaya ukikatiza kati ya nyumba ya kwanza na ya pili, majalada hayo yanaweza kukaa miaka bila kusomwa na jicho moja.

Nini basi huyaunganisha? Ushahidi wa vitu ndio wenye nguvu: vinasaba, alama za vidole, mikwaruzo ambayo mtutu huacha kwenye risasi, nyuzi za nguo au za zulia la gari. Usipokuwepo, hubaki tabia ya mhalifu, na hapa watu wengi huchanganya mambo mawili. Kuna yale anayoyafanya kwa sababu kazi yake inayahitaji, kama kuingilia dirishani au kukata waya wa simu. Hayo hubadilika kadiri anavyopata uzoefu, na wezi wa kawaida huyafanya pia. Halafu kuna yale ambayo hakuwa na haja ya kuyafanya lakini ameyafanya. Hayo ndiyo ya kutazama.

Mfano ninaoutumia sana darasani ni wa California. Kuanzia Juni 1976 mtu mmoja alianza kuvamia nyumba kwenye vitongoji vya mashariki mwa Sacramento, kama Rancho Cordova na Carmichael, na kubaka wanawake. Akikuta mume na mke, alimfunga mume, akamlaza kifudifudi na kumpangia vyombo vya udongo mgongoni: nikisikia vikigongana, naua. Kati ya mwishoni mwa 1979 na 1986, kusini mwa jimbo hilo, huko Goleta, Ventura, Dana Point na Irvine, watu 10 waliuawa ndani ya nyumba zao, wengi wakiwa wawili wawili kitandani. Baadhi yao walikuwa na alama za kufungwa kamba. Wapo wapelelezi walioshuku mapema kwamba mtu ni yuleyule, lakini mashaka si ushahidi, na kila kaunti ilikuwa na ofisi yake, maabara yake na fahari yake. (Fahari ya ofisi imechelewesha kesi nyingi kuliko uhaba wa magari, ingawa haiandikwi kwenye ripoti.) Vinasaba vilithibitisha mwaka 2001 kwamba mbakaji wa kaskazini ndiye muuaji wa kusini. Ilikuwa imepita miaka 15 tangu mauaji ya mwisho.

Hata hivyo jina halikuwepo. Lilipatikana 2018, wapelelezi walipopandisha vinasaba hivyo kwenye GEDmatch, hifadhi ya mtandaoni ambako watu hutafuta jamaa zao wa mbali. Walipata ndugu wa mbali wa mhalifu, wakachora miti ya ukoo kizazi baada ya kizazi, kisha wakachuja kwa umri, jinsia na mahali mtu alipoishi. Ukoo peke yake haumtii mtu hatiani. Ilibidi wamfuatilie mtu waliyemshuku, wachukue sampuli kwenye mlango wa gari lake na kwenye taka alizotupa, ndipo walinganishe. Joseph James DeAngelo alikamatwa Aprili 2018 akiwa na miaka 72, nyumbani kwake Citrus Heights, kitongoji kingine cha Sacramento. Miaka ya mashambulizi ya mwanzo alikuwa askari polisi.

Kesi ya pili inafundisha kinyume chake: taarifa zilikuwepo tele, ila hazikukutana. Peter Sutcliffe aliua wanawake 13 kaskazini mwa Uingereza kati ya 1975 na 1980, na polisi walimhoji mara 9 katika upelelezi huo. Noti mpya ya pauni 5 iliyokutwa kwenye mkoba wa mmoja wa waliouawa ilifuatiliwa hadi kwenye bahasha za mishahara za kampuni kadhaa, ikiwemo aliyofanyia kazi. Kumbukumbu zote zilikuwa kwenye kadi za karatasi. Rafiki yake aliandika barua isiyo na jina kumtaja. Barua ikatiwa alama ya kipaumbele cha kwanza, kadi ikaandikwa, ikabaki kwenye trei. Juu ya hayo, mzushi mmoja alituma barua na kanda ya sauti akijidai ndiye muuaji. Polisi wakaanza kuwaondoa kwenye orodha wanaume wasio na lafudhi ile, na Sutcliffe hakuwa nayo. Wanawake 3 waliuawa baada ya kanda hiyo kufika. Waliomkamata hatimaye, Januari 1981, ni askari wa doria waliotilia shaka namba za gari. Mzushi naye alipatikana 2005, kwa vinasaba vilivyobaki kwenye gundi ya bahasha.

Kwa sababu ya watu kama huyo, polisi hufunga mdomo kuhusu jambo moja au mawili: fundo la kamba, kitu kilichochukuliwa, mlango uliotumika. Anayekuja kukiri bila kulijua jambo hilo hupimwa nalo. Picha ya eneo la tukio ikisambazwa kwenye simu za watu, kipimo hicho kimekufa, na mtu asiye na hatia anayekiri kwa hofu au maradhi ya akili anaweza kuaminiwa.

Ukiishi kwenye mtaa ulioguswa, usisubiri kuwa na jambo kubwa la kusema. Eleza siku, saa na ulichokiona kwa macho yako, kabla hujakilinganisha na cha jirani, maana kumbukumbu za watu wawili wakizungumza hugeuka kuwa moja. Kama nyumba yako ina kamera, nakili picha mara moja kwa sababu mashine nyingi hufuta za zamani zenyewe. Hesabu pia majaribio yaliyoshindikana: mtu aliyekutwa uani akakimbia, mbwa aliyekufa ghafla, simu za usiku zisizo na mtu wa kuongea. Sacramento, baadhi ya nyumba zilikuwa zimepigiwa simu za namna hiyo kabla ya kuvamiwa. Na ukishatoa taarifa, omba namba ya kumbukumbu. Polisi wa eneo jingine wakija kuuliza, wapatie.

DeAngelo alikiri makosa Juni 2020: mauaji 13, yakiwemo yale 10 ya kusini, pamoja na makosa ya kuteka watu, kwa kuwa muda wa kisheria wa kumshtaki kwa ubakaji ule ulikuwa umekwisha. Alifungwa maisha bila uwezekano wa kuachiwa. Sampuli iliyowafikisha wapelelezi kwenye ukoo wake ilichukuliwa Ventura, kwenye mauaji ya Machi 1980, ikahifadhiwa miaka 38 na watu waliobadilishana zamu bila kujua itakuja kusaidia nini.