Pakingi ya stesheni ikijaa saa moja asubuhi, tatizo sio udogo wa pakingi

Nenda stesheni yoyote ya treni ya abiria kwenye mji wa pembezoni mwa jiji kubwa, saa moja na nusu asubuhi, utakuta magari yamebanana mpaka kwenye majani na mtu wa mwisho anazunguka tu anatafuta pa kuchomeka gari lake. Rudi pale pale saa nne usiku. Lami tupu, taa zinamulika hewa. Sasa wananchi wakiona ile hali ya asubuhi wanasema tuongezeeni pakingi, wajenzi wakiona ile ya usiku wanasema tupeni hicho kiwanja tupandishe maghorofa, na halmashauri iko katikati inarushiwa lawama na pande zote. Mimi kazi yangu ni mipango miji, na hili ndo swali linalonifuata kila mkutano wa wananchi, kwahiyo leo naona tulikalie chini tulielewe vizuri kabla hatujaanza kugombana.

Tuanze na hesabu maana watu wengi hawajawahi kuipiga. Gari lenyewe linahitaji nafasi ya kama mita 5 kwa 2.5, ndogo tu, lakini ukiongeza njia za kupita, pa kugeuzia, kona na vile vipande vya pembeni visivyofaa kitu, kila gari linakula kama mita za mraba 30. Magari 500 ni mita za mraba 15,000, yaani hekta moja na nusu, viwanja viwili vya mpira, na viko mlangoni kabisa mwa treni. Halafu kila nafasi inatumiwa na mtu mmoja kwa siku, mara nyingi kaja peke yake, anaacha gari asubuhi anarudi kulichukua jioni. Nafasi iliyo mbele ya duka inaweza kuhudumia magari kumi kwa siku, hii ya stesheni inahudumia moja basi.

Na kuna jambo hapa ambalo huwa halisemwi. Pakingi ikijaa saa moja na nusu, maana yake kwa mtu anayetegemea gari stesheni imefungwa saa moja na nusu. Mama mwenye miadi ya hospitali saa tano, mwanafunzi wa kipindi cha mchana, fundi anayeanza kazi saa sita, wote hawa hawana pa kuacha gari kwahiyo wanaenda mjini kwa barabara, na treni za mchana zinapita viti vitupu. Alafu tunashangaa kwa nini shirika la reli linasema mchana hakuna abiria.

Haikuwa hivi toka mwanzo, na hili napenda kulisema kwa sababu watu hudhani stesheni na bahari ya lami vilizaliwa pamoja. Miji mingi ya pembezoni ilizaliwa na reli yenyewe wakati gari halipo kabisa. Riverside kule Illinois, nje ya Chicago, ilichorwa 1869 na Olmsted na Vaux, wabunifu wa bustani na mandhari, watu wanaishi kwenye bustani wanapanda treni kwenda kazini. Japani ndo walilipeleka mbali zaidi, Kobayashi Ichizo alipofungua reli yake nje ya Osaka mwaka 1910 alikuwa keshanunua ardhi kandokando ya njia, akaanza kuuza nyumba kule Ikeda kwa malipo ya kidogo kidogo, yaani abiria wake aliwajenga mwenyewe. Nje ya London, kampuni ya reli ya Metropolitan Railway nayo ikauza maisha ya vitongoji vyake kwa jina la Metro-land kuanzia 1915. Kote huko mtu alitoka nyumbani akatembea mpaka kwenye treni. Pakingi kubwa zilikuja baadaye, hasa baada ya vita vya pili vya dunia, na Marekani kuna miji iliyobomoa maduka na nyumba zake za katikati kupisha magari. Kwahiyo mtu akikuambia kujenga nyumba karibu na stesheni ni kuharibu sura ya asili ya mji, mwulize asili ya mwaka gani.

Mfano ninaoupenda ni Arlington, Virginia, ng'ambo ya mto kutoka Washington. Reli ya mjini ilipokuwa inapangwa, njia rahisi ilikuwa kuipitisha katikati ya barabara kuu ya magari. Kaunti ikakomaa, ikataka ipite chini ya mtaa wao wa zamani wa biashara uliokuwa umeanza kuchakaa, treni zikafika Ballston 1979. Stesheni tano kutoka Rosslyn hadi Ballston hazikujengewa pakingi kubwa za abiria, badala yake maghorofa yakaruhusiwa karibu na milango ya stesheni na urefu unashuka kadri unavyosogelea mitaa ya nyumba za kawaida, hiyo ndo ilikuwa ahadi kwa wenyeji kwamba vichochoro vyao havitaguswa. Mstari huo huo wa treni ukiufuata mpaka Vienna ya huko huko Virginia, stesheni iliyofunguliwa 1986, unaikuta katikati ya barabara kuu ikiwa na nafasi za magari zaidi ya 5,000. Reli moja, treni zile zile, lakini upande mmoja mtu anashuka anakanyaga mtaa wenye watu na upande wa pili anashuka anatafuta ufunguo wa gari. Sisemi Vienna walikosea kila kitu, stesheni ya mwisho wa njia lazima ipokee watu wanaotoka mbali kwa gari, hiyo ni kazi yake. Tatizo linakuja pale kila stesheni inapojengwa kama vile ni ya mwisho.

Na wananchi sio kila mara wako upande wa pakingi. Fruitvale, Oakland, mwaka 1991 BART, yaani shirika la treni la eneo la San Francisco, lilileta mpango wa kujenga jengo la pakingi la ghorofa kadhaa pale stesheni. Wakazi wakakataa, wakasema hilo jengo litaukatia mtaa wao wa biashara njia ya kufika kwenye treni. Mvutano ukaishia kwenye mazungumzo, mazungumzo yakaishia kwenye kubadilishana ardhi, na 2004 pakafunguliwa kijiji kizima chenye nyumba, kliniki, maktaba, sehemu ya wazee na maduka, na abiria anatembea katikati yake kwenda kupanda treni. Miaka 13 hiyo, sio mchezo. Naitaja ili mtu asije akadhani ni jambo la kusaini leo kesho matofali.

Sasa tuje kwenye sehemu ngumu ambayo wajenzi hawapendi kuigusa. Ile hekta moja na nusu ukiijenga kwa nyumba 100 kila hekta, ambayo ni maghorofa ya kawaida tu sio minara, unapata nyumba 150. Nyumba 150 hazitoi abiria 500 kila asubuhi, hapana, wengine watafanya kazi hapo hapo, wengine watoto, wengine wamestaafu. Kwahiyo ukifuta pakingi yote ukadhani wapangaji wapya watajaza zile siti, umejidanganya. Faida ya nyumba ni nyingine, watu hao wanapanda treni mchana na jioni na Jumamosi, wanatembea kwenda dukani, na wanalipa kodi kwenye ardhi ambayo ilikuwa haiingizi kitu. Lakini wale 500 bado wanahitaji jibu.

Jibu la kizamani lilikuwa rudisha zote, moja kwa moja, kila nafasi unayoiondoa uijenge tena kwenye jengo la pakingi. Linasikika la haki. Shida ni kwamba nafasi moja kwenye jengo la ghorofa kule Marekani ni makumi ya maelfu ya dola, chini ya ardhi ni zaidi ya hapo, na hiyo pesa inatoka kwenye mradi ule ule, kwahiyo nyumba zinakuwa ghali au mradi unakufa kabisa na lami inabaki lami. BART wenyewe walikuwa na hiyo sheria na baadaye wakailegeza, wakaanza kuangalia stesheni moja moja, hapa turudishe zote, hapa nusu, hapa kidogo. Kwa maoni yangu hapo ndo penye akili.

Ila huwezi kujua urudishe ngapi kama hujui nani anapaki. Hesabu magari Jumanne, Jumatano au Alhamisi, sio Ijumaa, maana toka 2020 watu wengi wa ofisini hawaendi kazini kila siku na Ijumaa itakudanganya. Hesabu kila baada ya nusu saa kuanzia alfajiri uone inajaa saa ngapi. Alafu omba uonyeshwe kwa jumla, bila majina ya watu, magari yanatoka mitaa gani. Mara nyingi utakuta fungu zuri tu linatoka umbali wa kutembea dakika kumi na tano au ishirini, na ukiwauliza kwa nini mnakuja na gari watakuambia hakuna njia ya miguu, au taa hamna usiku, au, hii ndo naiona sana, reli yenyewe imewazuia, mtu anaiona stesheni kutoka dirishani kwake mita 200 lakini mlango uko upande wa pili wa reli na daraja liko mbali, anazunguka kilomita nzima. Mlango wa pili na kivuko cha chini ya reli hapo vinaweza kuondoa magari mengi kuliko jengo la pakingi, na kila nikisema hivi kwenye mkutano watu wananiangalia kama nimekwepa swali.

Baiskeli pia tusizipuuze, kwenye nafasi ya gari moja zinaingia kama kumi. Utrecht, Uholanzi, walimaliza 2019 jengo la ghorofa tatu chini ya uwanja wa stesheni linalochukua baiskeli 12,500. Mji wako hauhitaji hizo zote, lakini mia mbili zenye paa na pa kufungia salama, mbona zinawezekana.

Halafu bei. Najua hapa ndo naanza kutukanwa. Pakingi ya bure haigawiwi kwa haki, inagawiwa kwa kuamka mapema. Na miji mingine ikaleta kibali cha mwezi au mwaka cha wakazi tu, matokeo yake kuna miji ya Connecticut watu walikaa kwenye orodha ya kusubiri miaka, huku mwenye kibali anakishikilia hata kama anaenda mjini mara mbili kwa wiki kwa sababu akikiachia hakipati tena. Na jirani wa mji wa pili aliyenyimwa hakuacha kwenda kazini, kaendesha tu gari mpaka jijini. Mimi nashauri malipo ya siku, unalipa siku uliyokuja, na bei inapangwa ili asubuhi yote ibaki kama asilimia 15 ya nafasi ziko wazi. Yule anayekaa karibu atafikiria mara mbili, na yule wa saa nne atapata pa kuweka. Wasio na uwezo wawekewe punguzo la moja kwa moja, sio kuwafanya wote wapaki bure kwa jina lao, na nafasi za walemavu hazimo kwenye huu mjadala, zinabaki mlangoni kabisa.

Kuhusu sheria nitasema kidogo tu maana huwa zinaeleweka vibaya. California toka Januari 2023 mji hauwezi kumlazimisha mjenzi aweke pakingi kama jengo liko ndani ya nusu maili, kama mita 800, kutoka kituo kikubwa cha usafiri wa umma. Haijakataza pakingi, imeondoa lazima tu, mjenzi akitaka anaweka. Massachusetts nao 2021 walipitisha sheria inayogusa miji 177 inayohudumiwa na treni na mabasi ya Boston au iliyo jirani na hiyo, kila mmoja utenge eneo ambalo nyumba za familia nyingi zinaruhusiwa bila kuomba kibali maalum, angalau nyumba 15 kwa eka. Mji wa Milton wakapiga kura ya kukataa mwanzoni mwa 2024, ikafika mahakama ya juu ya jimbo, Januari 2025 mahakama ikasema sheria ni halali na mwanasheria mkuu anaweza kuisimamia, ila miongozo yake haikutolewa kwa utaratibu ikabidi irudiwe. Watu wakasikia serikali inakuja kujenga maghorofa kwenye bustani zetu, wakati sheria inasema ruhusu tu, hakuna aliyelazimishwa kuchimba msingi.

Na kama mji wenu umeshaamua kujenga, kuna swali moja la kuuliza kabla ya kuangalia zile picha nzuri za miti na watoto wenye maputo. Ujenzi utachukua miaka miwili mitatu, magari yatakaa wapi kipindi hicho? Abiria akihangaika miezi sita anazoea kwenda kwa gari na kumrudisha ni kazi. Uliza kama mradi utajengwa nusu nusu ili upande mmoja uendelee kupakiwa, uliza kama kuna kanisa au ukumbi wenye eneo linalokaa tupu siku za kazi ambalo linaweza kukodiwa, na uliza basi dogo la kuwatoa watu hapo mpaka stesheni litaanza lini, maana likianza wiki mbili baada ya uzio kuwekwa, watakuwa wameshaondoka.